Plasta ya Baba Nekoye

Kila asubuhi Nekoye alipanga foleni ya maji pale mtaani kwao Mashimoni, kisha akarudi nyumbani kupika chai. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama. Sasa mama alikuwa amelazwa hospitalini akisubiri kupasuliwa ili atolewe uvimbe tumboni. Daktari alitaka jamaa wawili watoe damu kabla ya Alhamisi. Mjomba Timothy alikuwa amekwisha kutoa. Alibaki baba.

Jumatatu jioni baba yake, Wangila, alirudi kutoka mjengo wa Kawangware, alikokuwa fundi wa ujenzi, akiwa na plasta kwenye mkono wa kushoto.

"Nimetoa," alisema. "Mambo kwisha."

Nusura Nekoye aruke kwa furaha. Alimkaangia baba mayai mawili ili arudishe nguvu.

Jumanne asubuhi, baba alipokuwa akinawa uso, plasta ilikuwa kwenye mkono wa kulia. Lo! Jana si ilikuwa kushoto? Au ni macho yake tu? Tangu lini plasta ikatembea?

Shuleni mwalimu alimwuliza saba mara nane, naye akajibu, "Kushoto." Darasa zima liliangua kicheko. Nekoye hakucheka. Kama baba hakutoa damu, mama atapasuliwaje? Lakini baba huyu ndiye aliyemfundisha kwamba uongo ni mwiko. Kichwa kilimzunguka mchana kutwa.

Jioni alishindwa kuvumilia. "Baba, hiyo plasta ilihamaje?"

Wangila alitazama mkono huu, akatazama ule. Fundi mzima, anayetembea juu ya ghorofa ya sita kwenye ubao mmoja, akajitupa kitandani pu!

"Nilifika mpaka mlangoni pa chumba cha kutolea damu," alisema polepole. "Nikaona sindano, miguu ikakataa. Tena kule mjengo wanasema ukitoa damu nguvu zinaisha kabisa. Nikanunua plasta dukani."

"Sasa mama je?"

Baba aliibandua ile plasta, akaitupa.

"Kesho twende wote," Nekoye akasema. "Nitakushika mkono. Mama hunishika nikidungwa."

Jumatano baada ya shule walienda hospitalini. Muuguzi, Sista Amolo, alimpima Wangila uzito na presha, akamtoa tone la damu kidoleni.

"Wewe ni kundi A," akasema. "Mkeo ni O."

Nekoye akachanganyikiwa upya. "Basi haitamfaa! Tumekuja bure?"

"Hapana, mwanangu. Mama ataongezwa damu ya O iliyotolewa na mtu mwingine. Hii ya baba itajaza nafasi yake, imfae mgonjwa mwingine. Na nguvu zake hazitaisha. Anywe maji mengi, apumzike leo, mwili utatengeneza nyingine."

Wangila alifumba macho, akaubana mkono wa bintiye. "Bado?" aliuliza. "Bado?"

"Tumemaliza kitambo," Sista akacheka, akampa soda na biskuti.

Alhamisi mama alipasuliwa salama. Jumamosi, walipomtembelea, baba alimweleza yote bila kuficha. Mama alicheka mpaka akashika mshono.

"Baba Nekoye, kuogopa si kosa," alisema. "Kila mtu huogopa. Kosa ni kuficha woga kwa uongo, kwa sababu anayeumia ni mwingine. Sema kweli, utapata wa kukushika mkono."

Kisha akautazama mkono wake.

"Damu niliyoongezwa ni ya mtu nisiyemjua. Namshukuru Mungu kwamba yeye hakuishia dukani kununua plasta."