Vikombe Viwili vya Uji

Maji ya sabuni yalimwingia Shadya jichoni, na aliyeyarusha hata hakugeuka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwisho wa Machi 2020, mlangoni mwa soko la Bagamoyo. Ndoo ya kunawia mikono ilikuwa juu ya kigoda, na foleni yake imefika hadi kwa wauza madafu. Corona ilikuwa na wiki mbili tu nchini na tayari kila mtu amekuwa daktari. Jamaa mmoja mrefu, kaptula ya bluu, fulana imemganda mgongoni kwa jasho, alitoka barabarani mbio, akaipita foleni yote, akafungua koki, akajipiga maji usoni, akapenga kamasi na kutaka kuondoka.

"Wewe kaka! Foleni huioni?"

"Naiona, dada. Lakini niko kwenye mbio. Nikisimama misuli inakaza."

"Basi ikaze! Umeturushia makamasi watu wazima. Na barakoa yako iko wapi?"

"Nani anakimbia na barakoa? Nife kwa kukosa pumzi ili nisife kwa corona?"

Watu wakacheka, na Shadya hakupenda kuchekwa. Alikuwa amevaa baibui jeusi na ushungi wa zambarau, barakoa ya kitenge aliyoishona mwenyewe, na chini kabisa, raba nyekundu. Jamaa akaziangalia zile raba kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Hizo raba za mbio. Umezivaa kwendea kununua nyanya?"

"Nimezivaa kuwakimbilia watu kama wewe."

"Unikimbilie au unikimbie?"

Shadya akachomoa barakoa mpya mkobani, akamtupia kifuani. "Vaa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, uwanjani. Tuone kama miguu yako ina mbio kama mdomo."

Alirudi kwenye cherehani yake amefura. Mpaka adhuhuri alikuwa bado anamlaani, na mtu akilaaniwa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ujue keshapata mahali pa kukaa.

Shadya binti Sufiani alikuwa fundi nguo na nahodha wa klabu ya jogging ya Mwendo Mdundo. Zamani, maana miezi mitatu nyuma ilikuwa imeshakuwa zamani, klabu ilikimbia kila Jumapili kwa mistari miwili, fulana za kijani, ikiimba mtaa kwa mtaa hadi kwenye supu. Sasa mbio kubwa za Dar walizojiandalia zilikuwa zimeahirishwa. Nusu ya wanachama wamejifungia ndani, na nusu iliyobaki inaapa kwamba mkimbiaji haugui. Shadya akapiga nyimbo marufuku, kwa sababu anayeimba anatema mate. Kuchangia chupa ya maji, marufuku. Kila mtu hatua nne kutoka kwa mwenzake, na badala ya nyimbo akaja na firimbi. Walimwita Bibi Afya, na si kwa upendo.

Ukali wake ulikuwa na sababu moja. Baba yake, Mzee Sufiani, alikuwa na pumu ya miaka thelathini. Akipanda ngazi tatu, hupumzika mara mbili. Mama alishatangulia mbele ya haki. Shadya alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba ugonjwa huu ukivuka kizingiti cha nyumba yao, ataachwa yatima.

Jamaa wa ndooni akaja Jumapili, barakoa kidevuni. Jina lake Mikdad, mzaliwa wa Lugoba, fundi wa matrekta kwenye mashamba ya miwa huko Makurunge. Walikimbia hadi Kaole na kurudi, wakibishana njia nzima kwa umbali wa hatua nne. Wenzao walichoka kwa mbio. Wao walichoka kwa maneno. Simu zikaanza wiki hiyohiyo.

"Nahodha, goti linaniuma."

"Nenda kwa daktari."

"Nimekwenda. Kasema dawa yake ni sauti yako."

"Daktari huyo afukuzwe kazi."

"Shadya wangu."

"Wako tangu lini?"

"Mbona hukati simu?"

Akaikata. Dakika mbili hazikupita, akampigia kumuuliza ni goti lipi.

Ramadhani ikaingia, wakahamishia mbio saa kumi na moja jioni, mwendo wa taratibu wa kuvuta muda. Siku moja Shadya alikuja na mafua, sauti imemkauka. "Vumbi la vitambaa," alisema. Walipofika nusu ya njia, pumzi ikamwishia. Akaivua firimbi shingoni, akamrushia Mikdad. "Piga wewe leo." Mikdad akaifuta kwenye fulana, akaipuliza mpaka Kaole.

Siku tano baadaye, Mzee Sufiani alimwita binti yake barazani. "Huyo kijana anayekuchekesha kwenye simu, mlete kesho afuturu nami nimwone."

"Baba, huu si wakati wa wageni."

"Posa nayo ina wakati wake. Mlete."

Kwa baba wa Bagamoyo, kumwita kijana kwenye mkeka wake ni nusu ya jibu. Shadya akakubali, akatandika mikeka miwili uani, mmoja huku na mmoja kule. Shangazi Fatu, dada yake Mzee, akachukua kaimati na magimbi. Shadya akang'ang'ania uji aupike yeye. Alikuwa na haraka, alikuwa na furaha, na alikuwa na saumu, kwa hiyo hakuuonja. Alinyoosha mkono kabatini, akachota kwenye kopo vijiko vitano, akakoroga.

Mikdad alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Adhana ikalia, wakala tende, wakashushia uji. Mikdad alipiga funda moja, akakitazama kikombe. Kisha akainua kichwa.

"Mashallah, mtamu! Hebu niongeze."

"Nami niongeze, mwanangu," Mzee Sufiani akasema, akanyoosha kikombe chake.

Shadya aliwajazia wote wawili, akaingia ndani anaelea. Alipotoka na kahawa, Mikdad alikuwa keshasimama. Alisema kazini wanamhitaji, akaaga kwa mbali, kiganja kifuani, bila kumpa Mzee mkono. Akaondoka upesi kama aliyefukuzwa.

Jikoni, Shangazi Fatu alipeleka kikombe mdomoni, akautema uji palepale. "Astaghfirullah! Shadya, umetuchemshia bahari?"

Shadya akaonja. Chumvi tupu. Kwanza alicheka: maskini, kanywa vikombe viwili kwa ajili yangu! Kisha kicheko kikamkauka. Hakuna penzi la kumnywesha mtu vikombe viwili vya uji ule akasema niongeze. Redio ilikuwa ikisema kila siku: mgonjwa hupoteza harufu na ladha. Na ile haraka ya kuondoka?

Akapiga simu. "Uji wangu ulikuwaje?"

"Mtamu kama aliyeupika."

"Ulikuwa na chumvi, Mikdad. Vijiko vitano."

Hakungoja jibu.

"Tangu lini husikii ladha?"

"Shadya, nisikilize. Nilikuja salama. Nimejua palepale, kwenye funda la kwanza."

"Ukaomba cha pili!"

"Niliogopa. Mzee kaniita kwa mara ya kwanza, ningesema nini mbele yake?"

"Ungesimama ukatoka! Unakijua kifua cha baba yangu. Akifa, damu yake i shingoni mwako, na nitakusubiri mpaka Kiyama."

Hasira haikumtosha kwa mtu mmoja. Akarekodi sauti, akaituma kwenye kundi la klabu, watu arobaini na watatu: "Mikdad wa Makurunge ana corona, anajua, na ameingia nyumbani kwetu makusudi. Aliyekimbia naye ajitazame."

Kufika asubuhi Makurunge nzima inajua. Wenzake walilitoa godoro lake chumbani, wakalitupa kwenye banda la matrekta. Mwenye duka alimsogezea mkate kwa fimbo. Shadya aliposimuliwa, alisema, "Bado."

Siku ya tatu Mzee Sufiani akazidiwa. Alilazwa, akawekewa oksijeni, na ndugu wakazuiwa kuingia. Shadya alikaa kwenye benchi la nje, mchana kwa mchana, akiomba na kulaani kwa zamu. Kila siku ujumbe wa Mikdad uliingia: *Mzee anaendeleaje?* Akaufuta. Siku ya saba: *Nitukane upendavyo, lakini niambie kama yu hai.*

Akajibu: *Yu hai. Usifurahi.*

Mungu si Athumani. Siku mbili kabla ya Idd Mzee alirudi nyumbani, amebaki mifupa na tasbihi, lakini anapumua mwenyewe. Asubuhi ya Idd Shangazi Fatu alimpa kikombe cha uji. Mzee akapiga funda, akafumba macho.

"Alhamdulillahi. Leo nasikia sukari. Siku ile ya mgeni wako nilikuwa kama ninayekunywa maji ya moto."

Shadya akageuka. "Siku ile hukusikia ladha?"

"Tangu siku mbili kabla yake nilikuwa sisikii kitu. Nikamwona kijana anausifu, nikasema nami nisimvunje moyo binti yangu mbele ya mchumba. Nikaomba cha pili."

Vikombe viwili! Siku zote hizo Shadya alikikumbuka kimoja tu. Kilekile kilichomhukumu Mikdad kilikuwa pia mkononi mwa baba yake, na yeye ndiye aliyekijaza kwa mkono wake. Mzee alikuwa mgonjwa kabla Mikdad hajakanyaga ua ule. Sasa nani alianza? Mzee hakuwa akitoka. Hata tarawehe alikuwa akisalia nyumbani. Shadya akayakumbuka mafua yake. Akaikumbuka firimbi, mate yake juu yake, inaruka hewani kuelekea mikononi mwa Mikdad. Nyani haoni kundule. Hakuna aliyepimwa kujua nani kampa nani, lakini ikiwa kuna aliyeuvusha ugonjwa kizingitini, basi huenda alikuwa na raba nyekundu.

Alilia mpaka ushungi ukalowa. Kisha akachukua simu. Kutukana kulimchukua sekunde kumi. Sauti hii ya pili kwa kundi la klabu ilimchukua asubuhi nzima.

"Mimi ni Shadya. Mikdad hakumwambukiza baba. Baba aliugua kabla yake. Mwenye mafua nilikuwa mimi, na firimbi nilimpa mimi. Nilimzulia mtu."

Kesho yake asubuhi aliweka chupa ya uji kwenye begi la mgongoni, akafunga raba na kuishika barabara ya vumbi ya Makurunge. Hakupumzika njiani, maana alijua akisimama atarudi.

Mikdad alikuwa bandani, mikono imejaa grisi. Godoro lake lilikuwa bado pale pembeni, juu ya matairi.

"Simama hapohapo," alisema bila kuinua uso. "Hatua nne, nahodha. Sheria yako."

Shadya akasimama, anahema. "Nimekuja kuomba radhi."

"Nimeisikia. Watu arobaini na watatu wameisikia. Umeniua kwa simu, umenifufua kwa simu. Unajua nimelala hapa siku ngapi? Mama yangu kule Lugoba aliambiwa nimezikwa!"

"Lakini nawe ulijua husikii ladha, ukaendelea kukaa na baba yangu."

"Nilijua, na nikakaa. Hilo langu, silikatai. Yako je?"

"Yangu mawili. Firimbi na mdomo."

Mikdad akamwangalia kwa mara ya kwanza. Shadya akamimina uji kwenye kifuniko cha chupa, akakiweka chini katikati yao, akarudi nyuma. Mikdad akajifuta grisi mikononi, kisha akakiokota na kupiga funda. Uso ukamkunjamana.

"Mbaya."

"Nini?"

"Uji wako mbaya, Shadya. Umeungua, una madonge, na pilipili manga umemwaga kopo zima. Ningeusikia siku ile ningetoka mbio nisionekane tena."

Machozi yalimtoka Shadya na kicheko kikamtoka palepale. Hakuwahi kusifiwa na mtu akafurahi kiasi kile. "Rudia."

"Mbaya. Hebu niongeze."

"Cha pili?"

"Nina njaa. Usijidanganye."

Akammiminia. Akanywa chote, huku anamtazama kwa jicho ambalo bado lina kisu ndani yake.

"Umenisamehe?"

"Nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Ijumaa namleta mjomba wangu kutoka Lugoba, aje azungumze na Mzee. Lakini nina sharti."

"Sharti gani?"

"Uji apike Shangazi Fatu."

Shadya akavua raba moja nyekundu, akamtupia. Ikampata begani, ikaanguka miguuni pake. Mikdad hakuiokota, alikunja mikono, akangoja. Shadya akavuka zile hatua nne kwenda kuichukua.