Herufi Iliyozuia Arubuni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Karani alimsomea mama yake daftari la wateja. Karani halikuwa jina lake halisi; mama ndiye aliyemwita hivyo. Mama, aliyekuwa fundi wa nguo, aliachia shule darasa la pili na kusoma kulimpa shida. Binti yake alikuwa darasa la sita, na mwandiko wake ulinyooka kama mshono wa cherehani. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa mwandiko huo.

"Gauni la mwalimu mkuu?" mama alizoea kuuliza huku akitunga uzi kwenye sindano.

"Kiuno thelathini na mbili. Ameongezeka, mama. Mwezi uliopita alikuwa thelathini."

"Kiuno cha mtu ni siri ya fundi. Endelea."

Lakini Jumatano hiyo mama hakuuliza lolote. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Kitandani, mdogo wake Karani alipumua kwa taabu, kifua kikipiga mluzi kama birika linalokaribia kuchemka. Alikuwa na miaka minne, na alikuwa na pumu.

Walitakiwa kuhama Jumamosi, kwa kuwa chumba chao kilikuwa kimeshapata mpangaji mwingine. Wiki mbili nyuma, mama alipata chumba chenye baraza pana la kuweka cherehani. Alimpa bibi mwenye nyumba arubuni ili amshikie chumba hicho, asimpe mtu mwingine, na wakaandikiana karatasi ya makubaliano. Kisha mvua ikanyesha. Mama alipokwenda kupima madirisha ili ashone mapazia, alikuta ukuta mzima umelowa na ukungu mweusi umetambaa hadi darini. Akaghairi siku ileile. Chumba kikavu kilikuwepo mtaa wa pili, lakini fedha ya kukilipia ilikuwa ndiyo hiyo arubuni.

"Leo utachelewa shule," mama alisema. "Nataka unisomee ile karatasi ya arubuni mbele ya bibi mwenye nyumba."

Walipofika kwake, bibi hakuwepo. Alikuwa hospitali akifanyiwa upasuaji wa jicho. Walimkuta mwanawe, aliyeitwa Funguo na wapangaji wote kwa sababu ya shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake.

"Mwanangu, nimefuata ile arubuni," mama alisema. "Nimeghairi kabla ya kuhamia, na bibi aliniahidi."

"Hiki ni chumba, mama, si uchumba. Posa ndiyo hurudi mtu akighairi." Funguo alicheka peke yake, akatoa karatasi kwenye mtoto wa meza. "Haya, mwenye mwandiko asome."

Karatasi zilikuwa mbili zinazofanana, moja ya kila upande. Zote aliziandika Karani, kwa kuwa bibi hakuona vizuri na alitamka tu. Karani alisoma, "Mpangaji akighairi kabla ya kuhamia, hatarudishiwa arubuni yake."

"Hatarudishiwa," Funguo alirudia.

"Bibi alisema nitarudishiwa. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Masikio hayana sahihi, mama. Karatasi inayo."

Walirudi nyumbani, mama akasimama mlangoni. "Bibi yule ametugeuka," alisema. "Kinywani asali, karatasini sumu. Sitamwamini tena mtu mzima anayetabasamu vile."

Karani alijua kwamba si kweli. Sauti ya bibi ilikuwa bado masikioni mwake, ikitamka polepole: atarudishiwa. Bibi hakutamka h yoyote. Ile h alikuwa ameiweka yeye.

Chini ya godoro lake lilifichwa daftari la imla. Alipata nane kwa ishirini, na duara nyekundu zilijaa ukurasa mzima. "H si chumvi," mwalimu wa Kiswahili alikuwa amemwambia, "usiinyunyizie kila neno." Mwezi mzima alilificha. Angewezaje kumwonyesha mama, aliyemsifu kwa kila mteja?

Alikumbuka wembe wa mama wa kufumulia nyuzi. Angeweza kuikwangua ile h ikaisha kabisa. Lakini karatasi ya pili ilikuwa kwa Funguo, na ile h ilikuwa imekaa humo ikisubiri.

Aliporudi kutoka shule jioni, alimkuta mama akikunja vitambaa na kuvitia kwenye gunia. Machozi yalimdondoka mama bila sauti.

"Tutahamia kulekule," mama alisema. "Sina pengine. Mdogo wako tutamlaza karibu na mlango, mbali na ukuta."

"Atapumua vipi, mama?"

"Usiniulize nisilolijua, mwanangu."

Kitandani ule mluzi uliendelea, mwembamba, ukikatika na kuanza tena. Karani aliingiza mkono chini ya godoro.

"Mama, bibi hakutugeuka. Ni mimi." Alifungua daftari, akamwonyesha duara nyekundu moja baada ya nyingine. "Alisema atarudishiwa. Mimi nikaandika hatarudishiwa. Huwa naongeza h. Mwalimu amenikanya, nami nikakuficha."

Mama hakuwa msomaji, lakini rangi nyekundu aliielewa. Alilitazama daftari kwa muda mrefu. Karani alisubiri kofi au kelele. Mama alilifunga daftari, akamrudishia.

"Bibi ametoka hospitali leo mchana," mama alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda. Utamwambia wewe mwenyewe."

Bibi walimkuta barazani, jicho moja limefungwa bandeji. Funguo alisimama nyuma ya kiti chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kuna nini, mbona sauti inatetemeka?"

Karani alieleza yote. Bibi hakuweza kusoma, kwa hiyo ilimbidi Karani ayatangaze makosa yake kwa sauti, mashavu yakimwaka. "'Hanakula' badala ya 'anakula'. 'Hasubuhi' badala ya 'asubuhi'. 'Halhamisi'..."

Funguo aliangua kicheko. "Huu ni ujanja wa mjini. Wameliandika jana usiku." Alimpokonya daftari, akafunua kurasa. Kicheko kikapungua. "Tarehe ni ya kabla ya karatasi yetu," alisema. Akafunua tena. "Na kila ukurasa una sahihi ya mwalimu."

"Ulisema unaamini sahihi," mama alimjibu taratibu.

"Mimi nilitamka atarudishiwa," bibi alisema, akimgeukia mwanawe. "Kwa nini hukuja kuniuliza? Daktari alinifunga jicho, hakunifunga mdomo. Na ule ukuta, ulijua unavuja?"

Funguo aliziangalia funguo zake kana kwamba jibu lingekuwa mojawapo. "Nilijua, mama."

"Basi warudishie chao, kisha umtafute mwashi. Na wewe, mjukuu wangu, chukua kalamu. Andika kwamba amerudishiwa arubuni yake yote."

Karani aliandika neno hilo herufi moja moja: a, m, e. Alipomaliza, alilisoma mara mbili kwa sauti kabla ya mama kutia dole gumba.

Walipokuwa wakirudi, mama alimshika mkono. "Mwanangu, fundi akikosea mshono, huufumua nguo ikiwa bado mezani. Akiuficha kwa pasi, utamfumukia mteja barabarani, na aibu itakuwa mara mbili. Wewe ulificha nane kwa ishirini, nasi tukakaribia kumpoteza mdogo wako. Siku uliyoifunua, tumepata chumba. Kukosea si dhambi. Kuficha ndiko kunakoumiza wengine."

"Utaendelea kuniita Karani?"

"Karani anayesoma tena alichoandika, ndiyo. Na mimi pia nimekosea, kutia dole kwenye kitu nisichoweza kukisoma. Nitajifunza nawe."

Jumamosi walihamia kwenye chumba kikavu. Mdogo wake alilala mchana kutwa, na ule mluzi haukusikika. Mama aliweka cherehani karibu na dirisha, daftari la wateja upande mmoja na daftari la imla upande wa pili, likiwa wazi, mahali ambapo kila aliyeingia angeliona.