Ukuta Uliotoka Jasho

"Wanasaini saa sita kamili," Mkuu alisema kwenye kidude cha mawasiliano sikioni mwa Mwiba. "Wakishasaini, nyumba ni ya ubalozi. Hata inzi wetu haruhusiwi kuingia."

"Na mjomba wangu?"

"Tafuta mzigo kwanza."

Mwiba alizima injini ya Land Cruiser, akatazama saa yake ya Casio. Saa tano na nusu.

Mzigo, eti. Mkuu ni hodari wa kupanga kazi, lakini moyo hana. Makombora ishirini na manne ya kutungulia ndege yalikuwa yameingizwa nchini kwa magendo, ndani ya malori ya mawe ya ukarabati. Aliyetoa habari ni fundi chokaa wa nyumba ile, mjomba aliyemlea Mwiba tangu akiwa na miaka sita. Alipiga simu mara moja tu. Siku ya tisa sasa hapatikani.

Langoni palikuwa na bango: NYUMBA YA KIHISTORIA INAUZWA. IMEKARABATIWA. BUSTANI EKARI KUMI NA MBILI. Chini yake alisimama dalali, tai imemkaba shingo.

"Dada mthamini? Karibu, karibu. Nyumba hii ukiiona mara moja, hutaki kurudi kwenu."

"Nionyeshe kuta."

"Watu wote huanza na bustani."

"Bustani haimwangukii mtu."

Walipita kwenye waridi, kwenye michongoma iliyokatwa sawasawa, kando ya bwawa la mayungiyungi. Pazuri, usibishe. Ila watunza bustani walivaa buti za jeshi, na hakuna hata mmoja aliyejua kushika mkasi. Mwiba aliwahesabu. Saba.

Mwenye nyumba alikuwa barazani. Walimwita Manukato kwa sababu harufu yake hufika kabla yake. Jitu lenye pete tatu na roho ya kunguru.

"Mthamini wa dakika za mwisho," alisema. "Nani kakutuma?"

"Benki ya mnunuzi wako. Kama hutaki, sema. Nitampigia sasa hivi asisaini."

Manukato alicheka bila kufurahi. "Mpeni robo saa. Baunsa, mfuate. Akigusa kisichomhusu, mvunje vidole."

Baunsa alimfuata, akimpumulia kisogoni.

Mwiba alitoa kipima unyevu, kijidude chenye sindano mbili kinachochomwa ukutani na kutoa namba. Sebule: tisa. Ngazi: nane. Chumba cha kulia: tisa. Kuta kavu, nyeupe, laini. Mkono wa mjomba huo. Chokaa hupumua, mzee huyo alizoea kusema, sementi hukaba. Aliwahi kuacha kazi ya mwaka mzima kwa sababu tajiri alileta mfuko mmoja wa sementi.

Maktaba.

Thelathini na moja.

Alichoma tena. Thelathini na moja. Ukuta wa nyuma ulikuwa unatoka jasho, na rangi imeanza kuvimba. Alikwaruza kwa ufunguo wa gari. Vumbi lililodondoka halikuwa jeupe. Lilikuwa la kijivu.

Sementi.

Mjomba angekubali kukatwa mkono kabla ya kupaka sementi kwenye jiwe la kale. Basi hakukosea. Walimlazimisha kuziba mlango uliokuwa hapo, naye akauziba vibaya makusudi, ili kosa lionwe na mtu mmoja tu duniani ambaye yeye alimfundisha kazi hiyo: Mwiba.

Mwiba aliogopa. Je, mzee alikuwa bado hai?

Aligonga mara tatu.

"Unagonga nini?" Baunsa aliuliza.

"Napima."

Kutoka ndani, kwa mbali, ukuta ulijibu mara tatu.

Baunsa naye alisikia. Mkono wake ulikimbilia kiunoni.

Alichelewa. Mwiba alimchoma pajani kwa sindano za kipima unyevu na kubonyeza kitufe kisichopatikana kwenye vipimo vya dukani. Volti elfu hamsini. Jamaa alikwenda chini kama gunia la viazi.

"Mkuu. Mzigo uko maktaba, nyuma ya ukuta."

"Umeuona?"

"Nimemsikia mjomba."

"Kibali cha msako kinataka uone kwa macho. Zimebaki dakika nne."

Mwiba alitukana kimoyomoyo, tusi refu, akatoa futi ya kupimia. Utepe wake ulikuwa na baruti ya plastiki upande wa nyuma. Aliubandika ukutani.

"Mjomba! Rudi nyuma, lala, funika kichwa!"

Alijitupa nyuma ya meza. Kishindo kikatikisa vitabu vyote vya mapambo.

Manukato aliingia mbio kutoka chumba cha pili, Beretta mkononi. Nyuma yake alisimama mnunuzi, mwanadiplomasia, kalamu ikiwa bado wazi.

"Ungesubiri dakika nne tu," Manukato alifoka. "Kizee chako kingekufa taratibu, bila kusumbua mtu."

Glock ya Mwiba ilisema mara moja. Beretta ikaanguka, na vidole viwili pamoja nayo. Tuseme ukweli: alitaka kumuua. Kidole kilibaki kwenye kifyatulio muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu.

"Mkuu. Naona masanduku. Ishirini na manne."

"Tunaingia."

Ving'ora vilijaa bustanini. Watunza bustani saba walitupa bunduki kwenye waridi. Mwanadiplomasia alifunika kalamu yake, akasema yeye alikuja kuangalia nyumba tu.

Mjomba alitoka kwenye tundu akitambaa. Alipomaliza kuziba mlango, siku tatu zilizopita, walikuwa wamemshusha humo kwa shimo la bustani, wakalifunika na kupanda maua juu ya shimo. Amekonda, midomo imepasuka, macho yanakataa mwanga. Mwiba alimshika usoni kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka mbele ya kikosi kizima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Niletee maji." Alikunywa, akageuka, akautazama ukuta. Nusu yake ilikuwa bado imesimama. "Miaka arobaini sijawahi kufanya uchafu kama huu."

"Ndio uliokuokoa."

"Najua. Nipe nyundo."

"Mwiba," Mkuu aliita sikioni. "Helikopta inakusubiri. Sasa hivi."

Mwiba alichomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni. Aliokota nyundo kwenye sanduku la zana la kikosi, akamkabidhi mzee, kisha akakaa juu ya kreti ya makombora. Mjomba aliubomoa ukuta uliobaki taratibu, akipumzika kila baada ya mapigo mawili, na hakuna askari aliyethubutu kumwambia aache.