Kofi Nyuma ya Mtu wa Mwisho

Askari wa mwisho katika mstari hana mtu nyuma yake. Hilo halihitaji shule. Kwa hiyo Kinyozi alipopigwa kofi la mgongo akiwa yeye ndiye wa mwisho, ndani ya ile ndege ya mbao waliyokuwa wakifanyia mazoezi ardhini, aligeuka na ngumi tayari, amjue huyo mpuuzi ni nani.

Nyuma yake palikuwa na ubao. Ubao na msumari uliochomoza, basi.

"Kinyozi!" Sajenti alifoka kutoka mlangoni. "Unatafuta mteja? Hapa hatunyoi!"

Kikosi kizima kikaangua kicheko. Aliyecheka kuwapita wote ni yule aliyesimama mbele yake, shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee.

"Mwacheni," shemeji alisema bila kugeuka. "Mnyoa vipara ameanza kupapaswa na upepo."

Wawili hawa hawakupatana tangu siku ya posa, na hakuna aliyejisumbua kuficha. Kinyozi aliwahi kumwambia dada yake waziwazi kwamba mume huyo ni debe tupu. Dada hakubisha. Alichosema, siku wanaondoka kwenda kambini, ni kimoja tu: "Kaka, mpende usimpende, nirudishie mume wangu mzima." Kinyozi akajibu, "Nitakurudishia." Naye hakuwa mtu wa kusema neno akalimeza.

Sasa, kofi lenyewe si utani wa jeshini. Ndivyo warukaji wa miamvuli wanavyokaguana. Kabla ya kuruka, kila mmoja hutazama mgongo wa aliye mbele yake: mwamvuli umefungwa sawasawa, mkanda wa kuufungua haujapita chini ya kwapa. Akiridhika humpiga kofi. Aliyepigwa hujibu "Sawa!" kwa sauti, halafu naye humpiga wa mbele yake, mpaka mlangoni. Wa mwisho hukaguliwa mapema na Sajenti mwenyewe, kisha yeye ndiye huanzisha makofi. Yeye hapigwi na mtu. Walikaririshwa jambo hilo mpaka likawaingia damuni, wakawa wanaitikia "Sawa!" hata wakigusana bega kwenye foleni ya chakula.

Siku ile Kinyozi hakuitikia kwa sababu alikuwa amekasirika. Hasira zake zilimponza mara nyingi maishani. Mara hii zilimwokoa.

Kesho yake kofi likarudi, zito zaidi, na harufu juu yake. Harufu aliijua vizuri kuliko mtu yeyote mle kambini, maana alinyoa watu miaka mingi kabla hajavaa gwanda: nywele zilizoungua. Akauma meno. Akampiga shemeji kofi lake, mstari ukaendelea. Siku iliyofuata, juu ya harufu ikaja sauti, kitambaa kikubwa kikipigwapigwa na upepo, papa papa papa, ilhali jua lilikuwa limesimama na hata jani nje halikutikisika. Na ndani ya ile papa papa, karibu kabisa na sikio lake, kikatoka kinong'ono kikavu:

"Jibu."

Hakujibu.

"Jibu. Nipe chini, nikupe juu."

Jioni, bafuni, alichukua vioo vyake viwili vya kunyolea akajitazama mgongo. Alama ilikuwa pale katikati ya mabega, nyeusi kama masizi, kiganja kipana na vidole virefu mno. Lakini si urefu uliomtoa jasho. Vidole vilielekea chini, kiunoni. Akajaribu kuupima ule mkono, mwenyewe amempigaje, akakunja wake hivi na hivi, mpaka akaelewa kwamba aliyempiga hakusimama nyuma yake hata kidogo. Alikuwa ananing'inia juu yake, kichwa chini.

Asubuhi ya mruko wa kufuzu, ndege ya kweli ikinguruma uwanjani, na familia zimeshajipanga kwenye ukingo wa uwanja wa kutua zikisubiri kuona watu wao wakivishwa beji ya mabawa kifuani, Kinyozi alitoka mstarini. Mwingine angesingizia tumbo. Yeye alisema ukweli mbele ya kikosi kizima.

"Sajenti, kuna jini kwenye nafasi ya mwisho. Linanipiga kofi, linataka niliitikie. Sisimami pale, na asisimame mtu."

Kicheko kikalipuka, hata rubani akachungulia dirishani.

"Jini!" Sajenti alimsogelea mpaka mate yakamfikia. "Miaka yangu yote hapa nimesikia vidonda, nimesikia bibi kafariki mara mbili. Jini la kukagua miamvuli ndiyo leo! Haya, nani ana kifua cha kushika nafasi ya huyu bibi harusi?"

"Mimi," alisema shemeji.

Alikuwa ameshapiga hatua mbele. Kinyozi akaona kwamba mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Akamshika mkono, akashusha sauti.

"Shemeji, nisikilize. Nitukane baadaye. Ukiguswa mgongoni usiitikie."

"Si kuitikia tu," shemeji alicheka, akautoa mkono ule kama mtu anayekung'uta vumbi. "Nitamkaribisha na kiti. Mke wangu yupo pale anaangalia, mnyoa vipara. Leo atajua nani mwanamume kati yetu."

Wakapanda. Huko angani mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia ukinguruma, wakasimama, wakafunga mikanda yao kwenye waya uliopita juu ya vichwa, na Kinyozi, ambaye sasa alikuwa wa pili kutoka mwisho, shemeji yake akimpumulia kisogoni, alinusa nywele zilizoungua kabla Sajenti hajainua mkono kuamuru ukaguzi, akasikia papa papa papa ikitoka darini ndani ya ndege iliyofungwa pande zote isipokuwa ule mlango wa mbele, ikitambaa juu ya waya, ikipita juu yake yeye bila kusimama, ikienda nyuma, na alipofungua kinywa apige kelele kofi likalia nyuma ya shemeji, kofi la kusikika hata katika ngurumo ile, na shemeji akajibu kwa sauti ya majigambo, akitaka kila mtu asikie:

"Sawa! Sawa kabisa, karibu!"

Kinyozi aligeuka. Uso wa shemeji ulikuwa bado unacheka, lakini macho yalikuwa yameacha kucheka.

"Shemeji," alinong'ona, midomo haitembei vizuri. "Nimeshikwa. Usiniache."

"Usiruke! Fungua mkanda, kaa chini! Sajenti! Sajenti, msimamishe huyu!"

Taa ya kuruka ikawa kijani. Mstari ukakimbia. Kinyozi alijitupa kinyume, akashika vazi la shemeji kwa mikono miwili, na Sajenti, aliyeona mwoga mbele yake na hakuona kingine, akamkamata kola, akamburuta hadi mlangoni na kumsukuma nje.

Mwamvuli wa Kinyozi ulifunguka. Akainua macho. Wa shemeji nao ulifunguka, mweupe, mzuri, na chini yake mtu ananing'inia kama inavyotakiwa. Akalia kwa furaha kama mtoto. Mzima. Dada, nimekurudishia.

Shemeji alitua vibaya, kwa magoti, wala hakulalamika. Alilala kifudifudi akalaza shavu kwenye udongo, akaukumbatia uwanja kwa mikono yote miwili. Sajenti, aliyeruka baada yao, alimpiga bega akamwita simba, akambandika mabawa palepale. Kinyozi hakupewa. Hakujali.

Dada alikuja mbio akamrukia mumewe shingoni. Mume akamshika kiuno, akatabasamu, hakusema neno la majivuno hata moja. Buti alikuwa ameshavua. Alikuwa anasugua nyayo kwenye vumbi, taratibu, kwa raha, kama mtu anayeonja kitu alichokitamani miaka mingi.

Kisha dada akanyanyua uso kutoka kifuani mwa yule mwanamume. Akatazama mbingu tupu. Rangi ikamtoka.

"Kaka," alinong'ona. "Mbona mume wangu ananiita kutoka juu?"

Kinyozi naye aliinua macho. Sauti ile alikuwa anaisikia na yeye, mbali sana, ikilia jina la mkewe, na ilikuwa bado inaanguka.