Kompyuta ya Baba Haipatikani

Kila Jumapili jioni, mzee mmoja mpiga picha mstaafu alivuta kiti mbele ya kompyuta yake sebuleni. Humo alikuwa amehifadhi picha zote za studio yake ya zamani: maharusi, watoto wa shule, vijana waliovaa suti za kuazima. Binti yake, muuguzi katika mji wa mbali, aliifungua kompyuta hiyohiyo kupitia intaneti akiwa kwake. Wote wawili waliona picha moja kwa wakati mmoja. Baba alieleza kwenye simu, binti akaandika.

"Huyu ni fundi cherehani wa pale kona. Hacheki hata umtekenye."

"Na huyu mwenye kofia?"

"Huyo... ngoja. Jina lake lilikuwa hapa hapa mdomoni."

Siku hizi majina mengi yalikuwa yanamtoka. Ndiyo maana binti hakutaka kukosa Jumapili hata moja.

Kisha ruta, kile kidude kinacholeta intaneti nyumbani, ikaungua. Kampuni ikaleta ruta mpya. Intaneti ikawa na kasi nzuri, lakini binti alipojaribu kuingia, skrini yake ilimwambia: "Kompyuta haipatikani."

Mzee aliipiga ruta makofi ubavuni, kama alivyozoea kuipiga redio yake enzi za ujana. Redio ilikuwa inasikia. Ruta haikusikia.

"Basi Baba, nitakuja likizo, mwisho wa mwaka."

"Mwisho wa mwaka nitakuwa nimebaki na sura tu, mwanangu. Majina yatakuwa yamekwenda."

Kesho yake alimwita jirani, mwanamke fundi wa mitandao ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Waya.

"Mzee, wewe ndiye uliyenipiga picha nikianza darasa la kwanza," alisema akiingia. "Ulinikemea nisifumbe macho."

"Na bado ukafumba!"

Walicheka. Simu ya mzee ikawekwa spika ili binti naye asikie.

"Kwanza tujue tatizo liko wapi," alisema Dada Waya. "Kompyuta hii ukiiacha, inalala?"

"Inazima skrini yenyewe."

"Ikilala haimsikii mtu." Akaiweka isilale tena.

Kisha akatoa laptop yake, akaiunga na Wi-Fi ya nyumba ile, akajaribu kuingia kwenye kompyuta ya mzee. Ikafunguka.

"Kompyuta ni nzima. Kinachogoma ni njia ya kutoka nje mpaka hapa, na njia hiyo inapita kwenye ruta. Ruta ya zamani ilikuwa na maagizo: mtu akibisha mlango fulani, mpeleke kwenye kompyuta ya mzee. Hii mpya hakuna aliyeiambia."

"Basi dada, tuufungue mlango huo kama zamani, yaishe," alisema binti.

"Hapana, dada yangu. Mlango ule ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Wezi wa mtandao wanaubisha usiku na mchana, wakijaribu maneno ya siri. Bahati tu iliwalinda. Neno la siri lilikuwa gani, mzee?"

Mzee alikohoa. "Moja mpaka sita."

Dada Waya alishika kichwa. Binti huko aliko akaangua kicheko.

Kazi ikaanza. Mzee alichagua neno la siri refu la kompyuta, na lingine la ruta. Dada Waya akaipa kompyuta anwani ya kudumu ndani ya nyumba.

"Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa anwani nyingine," alieleza. "Hapo utaitafuta mahali ambapo haipo."

Mwisho akawasha VPN kwenye ruta. "Hii ni njia ya faragha. Binti anaingia kwanza hapa kwa ufunguo wake. Akishaingia, ni kama amekaa sebuleni na wewe. Asiye na ufunguo hapiti. Dada, nimekutumia ufunguo kwenye simu, usimpe mtu."

Akaiondoa laptop yake kwenye Wi-Fi, akatumia bando la simu yake, akajaribu kwa ufunguo huohuo. "Ukijaribu ukiwa ndani ya nyumba, utajidanganya kwamba umemaliza." Ikafunguka.

"Haya dada, zamu yako."

Mshale kwenye skrini ukaanza kusogea wenyewe. Mzee akapiga makofi kama mtoto. "Umeingia!"

Picha ikatokea: msichana amesimama mlangoni pa studio, amekunja uso.

"Huyu nani, Baba?"

Hakusita hata kidogo. "Mama yako, Mungu amrehemu. Siku hiyo alikuja kugomba, picha yake nilikuwa nimeikata kichwa. Nikamwambia, simama hapo nikupige nyingine. Akasimama, lakini akakataa kutabasamu."

"Alikataa kabisa?"

"Alicheka nilipokwisha kubonyeza. Kicheko hicho sina picha yake. Nilikiona mimi tu."

"Niandike hivyo, Baba?"

"Andika," alisema mzee. "Na kicheko kiandike."