Bei Aliyoisema Bénie

Kila siku baada ya masomo, Bénie alivua viatu vya shule, akavitia mfukoni pamoja na madaftari, akashuka barabara ya mji mdogo wa Kashikishi kumtafuta baba yake. Haikuwa vigumu kumpata. Ungetafuta tu ngazi ya mbao iliyofungwa kwa mipira ya baiskeli, na juu yake mtu mrefu mwenye kofia ya karatasi, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ambayo kanisani wasingeitaka.

Mtu huyo, Hippolyte, alikuwa mpaka rangi hodari. Huko Kalemie, nchini Kongo, alikuwa amepaka ofisi na mabehewa kwa miaka mingi, na kila mwisho wa mwezi alipokea mshahara wake. Hakuna aliyewahi kumuuliza, "Kazi hii bei gani?" Vita vilipozuka mwaka 1998, alimchukua mkewe Clotilde na binti yao, wakavuka Ziwa Mweru hadi upande wa Zambia. Hapa hakuna aliyemwajiri. Ilimbidi atafute kazi mwenyewe na, jambo lililomtoa jasho kuliko ngazi, ataje bei mwenyewe. Tena wateja wengi walisema Kibemba, na Kibemba cha Hippolyte kiliishia kwenye salamu.

Kwa hiyo Bénie, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa mdomo wa baba yake. Kibemba alikuwa amekiokota haraka, shuleni na sokoni. Alijivunia kazi hiyo, lakini ilimtia hofu pia. Jirani yao Delphine aligombana na mteja sokoni juu ya bei ya sabuni. Polisi walifika, wakaomba karatasi, na Delphine hakuwa nazo. Siku hiyo hiyo yeye na wanawe walipandishwa lori kwenda kambi ya wakimbizi. Familia ya Bénie nayo haikuwa na karatasi. Tangu siku ile, Bénie akisikia wateja wakipandisha sauti, aligeuka kutazama kama polisi wanakuja.

Siku moja waliitwa na Ba Matildah, kama Wabemba wamwitavyo mtu kwa heshima, mama aliyehamia kutoka mji wa Mansa. Alikuwa amenunua nyumba karibu na ziwa ili aifanye nyumba ya wageni. Alikuwa mnene, hakucheka ovyo, na funguo zake zililia kiunoni kila alipopiga hatua. Kiswahili hakujua hata neno moja.

Hippolyte alizunguka vyumba vyote. Katika chumba cha nyuma alisimama sana. Aliupitisha mkono ukutani, akanusa vidole vyake.

"Mutoto, kuja uone," alisema kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Humu banakaushaka samaki na moto. Hii kibambazi imekunywa mafuta na moshi. Ukipaka rangi ya maji tu, haitakamata. Inafaa kuisafisha na soda ya kufulia, kisha kupaka rangi ya mafuta, na mwisho ile nyeupe."

Bénie aliugusa ukuta huo aliouita baba kibambazi. Ulinata vidoleni. Baba alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza: rangi, soda, siku za kazi, chakula. Mwishowe alisema, "Mwambie mama, kwacha elfu mia mbili. Na umuelezee ju ya nini iko vile."

Walitoka nje. Ba Matildah aliuliza neno moja tu: "Shinga?" Yaani, bei gani?

Bénie alifungua mdomo, kisha akamwona Mwaba langoni. Mwaba alikuwa mpaka rangi mwenyeji, mwenye ngazi ya chuma inayong'aa, na alikuwa amerudi kuulizia kazi ile ile. Elfu mia mbili! Mama huyu atakasirika, atawafukuza, atamwita Mwaba. Au atapiga kelele, na watu watajaa.

"Elfu mia moja na ishirini, mukwai," alisema kwa Kibemba, akitia na lile neno lao la heshima.

Ba Matildah aliinua nyusi. Bénie alidhani ni hasira, akajiandaa kupunguza tena, lakini mama yule alisema haraka, "Haya. Anzeni kesho. Ijumaa ya wiki ijayo wageni wangu wanafika." Akafungua kitambaa, akatoa nusu ya pesa.

Walipofika barabarani, Hippolyte alizitazama zile noti. "Makumi sita? Nusu ya mia mbili ni mia."

"Anasema ile ingine atatoa kabla ya kumaliza, papa."

Hippolyte alimtazama kidogo, akazitia noti mfukoni. Bénie alitembea nyuma yake. Alijiambia kwamba mambo yatajipanga yenyewe kwa namna fulani.

Hayakujipanga. Kazi ya vyumba vya mbele ilikwenda vizuri mno, na kila ukuta ulivyozidi kuwa mweupe ndivyo Bénie alivyozidi kuogopa. Darasani mwalimu alimuuliza swali la ramani, naye akajibu swali la hesabu, wenzake wakacheka mpaka wakachoka. Nyumbani mama Clotilde, aliyekaanga vitumbua vya kuuza, alimwekea vya moto, naye Bénie akavigeuzageuza sahanini bila kuvila. Kila alipofika kazini alitega sikio kwanza kama funguo zinalia. Alijua siku ya mwisho itafika. Baba ataomba elfu mia mbili, mama yule atasema mia na ishirini, watabishana, polisi wataitwa, na kisha lori.

Jumatano baba alimwita. "Ile feza imeisha yote mu rangi nyeupe. Sasa ni soda na rangi ya mafuta ya chumba cha nyuma. Nenda kwa mama, umuombe avance, feza ingine ya kutangulia."

Bénie alikwenda. Alimkuta Ba Matildah sokoni, akiwaelekeza vijana waliobeba magodoro. Alisimama, akasogea hatua moja, akasimama tena. Ataomba pesa gani? Za bei ipi? Aligeuka kimyakimya, akashuka hadi ufukweni mahali wanawake walipoanika dagaa waitwao chisense. Alikaa pale, akijifanya anawafukuza kunguru, mpaka alipoona amekaa vya kutosha.

"Hakuko, papa," alisema aliporudi. "Ameenda Mansa."

Hippolyte alijipapasa shingo. Ijumaa ilikuwa karibu. Hakuna duka ambalo lingempa mgeni rangi bila pesa. Aliusugua ukuta kwa sabuni na majivu mpaka vidole vikachubuka, akapaka rangi ya maji, ikakauka, akapaka tena. Walipofunga kazi, chumba kilikuwa cheupe kama vingine. Bénie nusura acheke kwa furaha. Labda baba alikosea! Labda ukuta haukuwa mbaya kiasi hicho!

Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya kwenda shule, alimpelekea baba uji. Alimkuta katika chumba cha nyuma, ameketi juu ya debe tupu, kofia ya karatasi mkononi. Hakuwa akiimba. Madoa ya kahawia yalikuwa yamepenya rangi yote kutoka darini hadi sakafuni, na chumba kilinuka moshi wa samaki.

Bénie alisimama mlangoni na chombo chake cha uji. Nyuma yake funguo zililia.

Ba Matildah aliingia, akatazama ukuta mmoja, akatazama wa pili. "Hii ni nini?" alisema kwa Kibemba. "Nimetoa pesa yangu ili mnipakie matope? Mwambie baba yako: kesho wageni wangu wanafika. Kama ukuta huu utabaki hivi, naita polisi!"

Alitafsiri, na neno polisi lilimtoka kwa kunong'ona.

Hippolyte alisimama. Hakupandisha sauti. "Umwambie mama, mie nilijua hii kibambazi inaomba rangi ya mafuta. Tulisikilizana mia mbili, akanipa makumi sita tu. Nilituma mutoto kuomba ingine, yee alikuwa Mansa. Ningefanya namna gani?"

Wote wawili walimtazama Bénie, wakingoja.

Hakuna mtu mwingine chumbani aliyejua lugha zote mbili. Angeweza kusema lolote. Angeweza kumwambia Ba Matildah kwamba baba anaomba radhi, kisha amwambie baba kwamba mama amekubali kungoja. Wangeamini, na yeye angepona leo. Lakini alipomwona baba ameishika ile kofia kwa mikono miwili, akijitetea kwa makosa yasiyo yake, aliona haya kuliko alivyoogopa.

"Papa," alisema, na machozi yakaanza, "haikukuwa mia mbili. Mie nilimwambia mia moja na makumi mbili. Na hakuenda Mansa. Sikumuomba kitu. Nilisema bongo, nilikudanganya, ju ya woga."

Bénie alimgeukia Ba Matildah, akayarudia yote kwa Kibemba, tangu bei ya kwanza hadi kunguru wa ufukweni. Mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu alikuwa ameshauona uso wa baba yake. Alipomaliza alifumba macho, akingoja kelele.

Kelele hazikuja. Ba Matildah alivuta debe, akaketi. "Uliogopa nini, mwanangu?"

"Niliogopa utampa Mwaba kazi, mukwai."

"Mwaba!" Ba Matildah alipiga paja lake. "Mwaba alitaka elfu mia mbili na thelathini, na ukuta huu hakuugusa hata kwa kidole! Mlipotaja mia na ishirini, nilishangaa. Nilijiuliza mtanipunja wapi. Nami nilikuwa nimejiandaa kubishana nanyi kama watu wote wanavyobishana hapa, mpaka tukutane katikati."

"Anasema nini?" aliuliza Hippolyte.

Bénie alimweleza neno kwa neno, hata yale yaliyomchoma. Hippolyte alivuta pumzi ndefu. Alikwenda kwenye pembe nyuma ya mlango, mahali ambapo brashi haikufika, akapitisha kidole, akamwonyesha Ba Matildah mafuta ya manjano yaliyobaki pale.

"Mwambie hivi, na usipunguze kitu," alisema. "Hii bei ilitoka mu kinywa ya mutoto wangu, basi ni yangu. Mia moja na makumi mbili, siongezi. Lakini rangi ya mafuta haiko mu ile bei. Mama anunue hii rangi dukani, mie nitatumika bure mpaka chumba iwe nyeupe. Na kesho bageni balale kwanza mu vyumba vya mbele."

Aliposikia tafsiri, Ba Matildah alifikiri, akazichezea funguo zake. "Rangi nitanunua," alisema. "Na chakula cha mchana nitaleta mwenyewe. Mtu anayefanya kazi kwa njaa hanyooshi mstari."

"Hutaita polisi, mukwai?" Bénie aliuliza.

"Polisi wa nini? Mimi nataka rangi, sitaki kesi. Nenda shule, umechelewa."

Chumba cha nyuma kilimalizika Jumatatu, cheupe, na hakuna doa lililorudi. Bénie hakuchapwa, lakini kila mchana alisugua ukuta kwa soda kando ya baba yake, mpaka mikono ikamwasha. Siku za kwanza baba alisema machache. Hilo lilimuumiza kuliko soda. Siku ya mwisho, walipokuwa wakiosha brashi, alisema, "We ulifikiri unanisaidia, si vile?"

"Ndiyo, papa."

"Na mie niliogopa. Niliona feza ni kidogo, nikakosa nguvu ya kuuliza mara ya pili. Nilisema, heri kazi ya vile kuliko kukosa. Shee wote wawili tulikosea."

Wiki iliyofuata, Kalumba, mwenye duka sokoni, aliwaita wamtajie bei ya duka lake. Safari hii Bénie alitia kiganja chake ukutani kwanza, nyuma ya rafu na chini ya dirisha, kisha akamsikiliza baba mpaka mwisho.

"Shinga?" Kalumba aliuliza.

Bénie aliitaja bei kama baba alivyoisema, akaeleza na sababu zake: ukuta wa nyuma una unyevu, lipu inabanduka, itabidi izibwe kwanza. Kalumba alipiga mluzi. "Awe! Hapana, hiyo nyingi!" Bénie aliuhisi ulimi wake ukitaka kupunguza wenyewe. Aliuma meno, akamgeukia baba, akamweleza alichosikia.

Hippolyte alitabasamu. "Mwambie, kama iko nyingi, tunaweza kuacha ile mlango na madirisha, tutapunguza kidogo. Lakini kibambazi siwezi kudanganya."

Kalumba alijikuna kichwa, akasema atafikiri. Wakaagana naye, wakarudi nyumbani bila kazi.

"Papa, na kama hatatuita?"

"Tutakosa kazi moja," alisema Hippolyte. "Ya Ba Matildah tuliipata, na we ulishindwa kula wiki nzima. Sikia, mutoto wangu. Bei inatoka mu kazi: rangi, siku, na tumbo ya ule mwenye kupaka. Tunaangalia ile yote, tunamwambia mutu ukweli, kisha tunabishana naye bila haya. Usiuache woga utaje bei. Na siku ingine ukiogopa, si kosa. Lakini uniambie mie kwanza, kabla ya kumwambia mutu mwingine."

"Ndiyo, papa," alisema Bénie.

Nyumbani mama Clotilde alikuwa amebakiwa na vitumbua. Bénie alikula vitano, akauliza kama kuna vingine.