Mpishi Asiyepikiwa

"Ukivuka huo mlango nazima jiko na tunakwenda kula hotelini," alisema Fundi. Alikuwa na mwiko mkononi, na aproni ya maua aliyoiazima kwa dada yake ilikuwa imembana tumboni.

"Nataka kunawa mikono tu."

"Bafuni kuna maji."

Mpishi akarudi kwenye kochi, akakaa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Hakujua aiweke wapi hiyo mikono yake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mpishi mkuu wa mgahawa mmoja wenye meza ishirini, na watu walivuka mji mzima kufuata mchuzi wake. Lakini tangu mama yake afariki, miaka tisa sasa, hakuna mtu aliyempikia chakula.

Si kwamba watu walikuwa wabaya. Walimwogopa. Akimtembelea shangazi yake, shangazi alikimbilia dukani kununua mkate na soda. Marafiki zake walimwambia, "Sasa wewe tukupe nini?" na wakacheka, na chakula hakikuletwa. Wanaume waliomtaka walimpeleka migahawani, na huko walitazama uso wake badala ya sahani zao. Mmoja wao, aliyekuwa akipiga picha kila chakula kabla hakijapoa ili wafuasi wake waone, alimwahidi mapenzi ya dunia nzima kisha akamalizia, "Ila siku moja utanipikia." Hiyo siku moja ikawa inakuja kila wiki.

Halafu friza ya mgahawa ikaharibika, akaja huyu fundi wa majokofu. Saa nane mchana Mpishi alimpa sahani kama alivyompa kila fundi. Huyu alikula amefumba macho, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate, akaiosha mwenyewe, kisha akauliza, "Asante sana. Na wewe umekula nini leo?"

Mpishi akajaribu kukumbuka. Tangu alfajiri alikuwa ameishi kwa ncha za vijiko, kuonja hiki, kuonja kile, na jioni angefika nyumbani hana hamu hata ya chai.

Wakaanza kutoka pamoja kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko. Fundi alikuwa mpenda chakula wa kweli, na mji aliujua kwa majokofu yake. "Pale tusiingie," angesema wakipita mahali penye taa nzuri. "Samaki wao niliwakuta kwenye friza mwezi wa pili, na bado wapo." Kisha angempeleka kwenye kibanda cha meza tatu ambako mama mmoja alikaanga samaki wa asubuhi hiyo hiyo, wakala kwa mikono hadi viwiko vikang'aa mafuta. Mpishi alikuwa hajacheka mezani namna ile kwa muda mrefu. Na Jumatatu moja, bila utangulizi, Fundi akamwambia, "Wiki ijayo napika mimi. Kwangu."

Na leo ndiyo ilikuwa hiyo wiki ijayo yenyewe.

Mlango ukagongwa. Jirani wa juu alikuwa analalamika kwamba friji yake inavuja maji hadi chumbani. Fundi akapunguza moto, akaivua aproni.

"Dakika tano. Usiguse kitu."

"Nitagusa nini mimi?"

Alikusudia kweli kutogusa. Lakini harufu ilimfuata pale pale kwenye kochi. Kitunguu hakijaiva. Nyanya bado zinanuka ubichi. Chumvi hata haikukaribia ile sufuria. Miguu ikasimama yenyewe. Akajiambia ataonja tu, na alipoonja akajiambia atatia chumvi tu. Baada ya dakika nne alikuwa ameongeza moto, amekausha zile nyanya hadi mafuta yakapanda juu, ametwanga kitunguu saumu kwa kitako cha kikombe, ametia tangawizi na ndimu, na amefuta kijiko. Fundi aliporudi alimkuta kwenye kochi, mikono mapajani.

Fundi akaonja. Akaganda. Akaonja tena.

"Hii nimepika mimi?"

Hapo ndipo Mpishi angesema ukweli, na nafasi alikuwa nayo, tena pana. Lakini aliona ule uso, uso wa mtu mzima aliyefurahi kama mtoto, akashindwa.

"Umepika wewe."

Fundi hakungoja hata kukaa. Alimpigia mama yake simu. "Mama, nimempikia Mpishi. Kuku. Anakula, yuko hapa anakula. Mama, kumbe na mimi naweza kumlisha mtu." Mpishi akaumeza ukweli pamoja na wali.

Wiki mbili baadaye ujumbe ukaingia katikati ya kazi, sufuria nne zikichemka.

"Jumatatu mama na dada wanakuja kukuona rasmi. Napika mwenyewe, mchuzi ule ule. Wewe njoo na njaa tu."

Mpishi aliandika jibu refu, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta. Mhudumu, rafiki yake wa miaka mingi, alichungulia simu juu ya bega lake na kuambiwa yote.

"Mwambie kabla sufuria haijamwambia," alisema Mhudumu.

Mpishi akaandika, "Sawa, mpenzi."

Jumatatu ilifika. Mama yake Fundi alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Dada mtu alikuwa na maneno mengi na kicheko cha karibu. Mpishi alipoinuka kwenda kusaidia, mama alimshika mkono akamwambia akae, leo yeye ni mgeni. Ndani ya jiko Fundi alikuwa akipiga mluzi, na kila mluzi ulimchoma Mpishi.

Chakula kikaja. Wakabariki, wakaanza. Dada akavuta chumvi. Akarudi kuivuta tena. Mama alitafuna tonge moja kwa muda mrefu mno, kisha akasema wali umechambuka vizuri. Fundi akaonja wa mwisho, na mluzi wote ukaisha usoni.

"Sijui nimekosea wapi," alisema polepole. "Nimefanya vile vile. Vile vile kabisa." Akamgeukia Mpishi. "Mara ile mchuzi ulikuwa mtamu. Si ulikuwa mtamu?"

Wote watatu wakamtazama.

"Mara ile ulipokwenda kwa jirani," alisema Mpishi, "niliingia jikoni."

"Ukafanya nini?"

"Niliurekebisha."

Dada akaangua kicheko, akasema afadhali, maana alishaanza kushangaa huyu kaka yake amejifunza lini. Mama hakucheka. Fundi aliweka kijiko mezani bila sauti.

"Kwa hiyo nilimpigia mama simu nikajisifu kwa mchuzi wako."

"Nilitaka upendeze, Fundi."

"Ulitaka mchuzi upendeze. Mimi ulishaniona nimeshindwa." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Ungesema tu, Fundi, hii haina chumvi. Ningetia chumvi. Ungekuwa bado ni mchuzi wangu."

Akainuka, akakusanya sahani zikiwa zimejaa, akawaomba wote watoke wakale mgahawani.

Hakumwacha. Kama angemwacha, pengine ingekuwa rahisi zaidi. Fundi aliendelea kumjulia hali asubuhi na jioni, na kila Jumapili alituma ujumbe ule ule, "Kesho nimetuwekea meza saa saba." Walikaa penye vitambaa vyeupe, Fundi akamsogezea karatasi ya vyakula na kusema, "Agiza wewe, ndiye mjuzi." Kisha akawa anamtazama usoni badala ya kutazama sahani yake. Mpishi aliijua hiyo namna ya kutazama. Mtu mmoja duniani alikuwa ametaka kumlisha, na yeye kwa mikono yake mwenyewe alikuwa anampoteza. Siku ya Jumatatu ya nne alirudi kwake, akakaa sakafuni jikoni, akalia.

Asubuhi ya Alhamisi simu ikaita. Alikuwa mama yake Fundi.

"Mwanangu, yule hakununa kwa ajili ya mchuzi."

"Najua, mama. Nilimdanganya."

"Hujui yote. Tangu mdogo akishika mwiko, dada yake anamnyang'anya. Akishika kisu, namnyang'anya mimi. Tulikuwa na haraka, na yeye ana mikono mizito. Nadhani ndiyo maana alipenda majokofu. Huko hakuna wa kumnyang'anya." Mama akavuta pumzi. "Halafu akakupata wewe, akajaribu tena."

Mpishi alibana simu sikioni. "Nifanye nini, mama?"

"Nenda na njaa. Njaa ya kweli, si hii yenu ya kuonja onja."

Siku hiyo mgahawa mzima ulishangaa. Mpishi mkuu alitoa kijiko chake cha kuonjea mfukoni, akamkabidhi msaidizi wake, akamwambia leo kila sufuria aonje yeye. Msaidizi akaonja, akaweza. Mpishi alikunywa maji matupu. Saa kumi jioni, tumbo likimnguruma hadi Mhudumu akasikia, aliaga na kwenda kugonga mlango wa Fundi.

Fundi alifungua akiwa na bisibisi mkononi.

"Kuna nini?"

"Nina njaa."

"Subiri nivae viatu. Twende wapi?"

"Hapa."

"Hapa hakuna kitu. Viazi na mayai."

"Fundi, sijaonja kitu chochote tangu asubuhi. Hata chumvi. Nimekuja unilishe. Ukinikatalia nitaelewa, lakini mgahawani siendi tena."

Fundi akaweka bisibisi chini. Kisha akaingia ndani, akachukua kigoda, akakiweka katikati ya jiko, hatua mbili kutoka kwenye moto.

"Kaa hapo unione. Nikikosea, useme na mdomo."

Mpishi akakaa, akaikalia mikono yake yote miwili, ganzi ikampanda hadi viwikoni. Fundi alimenya viazi kwa unene ambao kwenye mgahawa ungemfukuzisha mtu kazi. Mafuta hayakupata moto. Viazi vikashika chini, harufu ikapanda, na Mpishi akauma midomo.

"Fundi."

"Naam."

"Vinashika."

"Nifanyeje?"

"Punguza moto. Tia maji kidogo pembeni, usivikoroge."

Fundi akafanya. Sahani ilipokuja ilikuwa na viazi vya rangi tatu na mayai juu yake. Mpishi akala. Akala kijiko juu ya kijiko, hadi sahani ikawa nyeupe.

"Sema kweli," alisema Fundi, amesimama na kitambaa begani.

"Chumvi imezidi upande mmoja, upande mwingine haipo. Vya chini vimeungua. Mayai ni mazuri, mazuri kweli."

"Basi?"

"Niongezee."

Fundi hakusogea, kwa sababu aliona machozi yanadondokea kwenye sahani.

"Asante," alisema Mpishi. "Miaka tisa nawawekea watu sahani mbele. Nilisahau inavyokuwa mtu akikuwekea wewe. Nisamehe nilikunyang'anya. Asante, Fundi. Asante."

Fundi akapiga goti ili wawe sawa, akamfuta uso kwa kile kitambaa chenye mafuta.

"Kesho ungependa nikupikie nini?"

Mpishi alifungua mdomo akakuta hajui. Swali hilo yeye ndiye aliyezoea kuwauliza wengine. Alifikiri hadi akacheka.

"Wali," alisema. "Na keshokutwa maharagwe."

"Na siku zinazofuata?"

"Unaniposa, au unapanga chakula?"

"Vyote viwili," alisema Fundi.

Walioana baada ya miezi mitano. Wapishi wenzake waligoma kabisa kumwona bibi harusi karibu na jiko, wakapika wenyewe karamu ambayo wageni waliizungumzia mwaka mzima. Nyama ililainika hadi ikaachia mfupa yenyewe. Lakini kwenye meza kuu, mbele ya bibi harusi, bwana harusi aliweka bakuli lenye kifuniko alilotoka nalo nyumbani asubuhi. Ndani kulikuwa na wali ulioshikana na mchuzi wa kuku mwepesi kama chai. Bibi harusi alikula kwa hamu, akakwangua hadi pembeni. Shangazi yake, aliyekaa jirani, hakuvumilia. Akamsogezea sinia la nyama na kumnong'oneza kwamba si lazima ateseke siku yake mwenyewe, achukue chakula kizuri.

Bibi harusi alilirudisha sinia taratibu kwa mikono miwili.

"Asante, shangazi," alisema. "Mimi nimepikiwa."